Grisi Nyeusi Chini ya Ndoo

Jina lake lote, ukilitaja kwa heshima zake, lilikuwa Bi Kiganja binti Mfua Majembe, mjukuu wa Mchimba Visima, mjane wa Fundi Springi. Babu alichimba kisima ambacho watu bado wanateka maji bila kujua ni jasho la nani. Baba alifua majembe yaliyolima mashamba ya watu wasiomwamkia. Mume alinyoosha springi za magari mazito mpaka mgongo wake mwenyewe ukapinda. Na yeye, aliyeingia gereji kwa mlango wa mfagizi, ndiye aliyekuja kupaka grisi magari ya porini ya wapima ardhi, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mwaka wa mafuriko, magari ya wenzao yalipolala ng'ambo ya mto yakilia kama mbuzi waliosahauliwa, ya kwake yalirudi yote, tena kimya. Pale gerejini ukawa msemo: gari likipiga kelele, ulizeni nani kalipaka, likinyamaza, msiulize.

Jina la Kiganja alipewa na mumewe. Wengine hupaka grisi kwa kijiti, wakamaliza wakaenda zao. Yeye aliweka bonge la grisi kwenye kiganja cha kushoto, akaishika beringi ya gurudumu kwa mkono wa kulia, akaikandamiza na kuizungusha, akaikandamiza na kuizungusha, mpaka grisi ikapenya katikati ya vyuma na kutokeza upande wa pili. Chembe ya mchanga ndogo kuliko mbegu ya mchicha aliisikia. "Huyu," Fundi Springi alikuwa akiwaambia wenzake, "mkimpa mkono tu, ameshajua jana mmegombana na nani."

Fundi Springi alipofariki, gereji ilifungwa siku ya mazishi, kesho yake ikafunguliwa, na Bi Kiganja akaingia kazini kama kawaida. Afanye nini? Nyumbani palikuwa na chumba na ukumbi, meza yenye kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na kabati la vyombo visivyo na wa kuvichafua. Aliendelea kupika chakula cha watu wawili. Hakuwa amesahau, mkono wake tu haukujua kupima cha mmoja. Kilichobaki alikipasha asubuhi akakila amesimama, maana kukaa mezani peke yake kulimfanya ajione mgeni katika nyumba yake. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, na simu zake zilikuwa za mkato: shikamoo mama, marahaba, mnaendeleaje, tunaendelea, mvua huko, hakuna, haya mama. Upande wa pili ukikatika, mama alibaki na simu sikioni kwa muda, kwa adabu tu, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho mpaka apotelee kwenye kona.

Gerejini walimheshimu, hilo halina ubishi. Mafundi walimpisha mlangoni, wakamwamkia kwa zamu, wakashusha sauti za mizaha yao alipopita. Lakini heshima haiketi nawe kunywa chai.

Mtu ambaye angeweza kuketi naye alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, dereva ambaye watu walimwita Kobe kwa sababu aliendesha polepole hata barabara iliponyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Zamani hao wawili walitaniana mpaka watu wakaweka spana chini wasikilize.

"Shemeji, hilo gari unaliendesha au unalichunga?"

"Nalichunga, shemeji. Aliyelipaka grisi ni bibi kizee, naogopa nisimwamshe."

Na Fundi Springi katikati yao, chini ya gari, akicheka mpaka akohoe.

Siku ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, Kobe alimgeukia shemeji yake na kusema, watu wakisikia: "Kaka kauawa na kazi. Na wewe uliyekaa naye nyumba moja hukumwambia apumzike." Lilikuwa neno la uchungu, na neno la uchungu halina macho, humpiga aliye karibu. Bi Kiganja alikuwa amemwambia mumewe apumzike, tena na tena, mpaka wakanuniana. Lakini mtoto wa Mfua Majembe hajitetei makaburini. Alikaza kanga yake kiunoni akaondoka. Tangu siku hiyo wao wawili walizungumza habari za magurudumu tu.

"La mbele kushoto linaunguruma."

"Nimesikia."

"Asante."

"Haya."

Utani ukafa hivyohivyo, bila matanga.

Sasa njoo kwenye grisi yenyewe. Grisi ya gereji ile ilikuwa nyeusi, nzito, inayong'ata kidole. Aliichagua Fundi Springi baada ya kuijaribu ya njano iliyoyeyuka mteremkoni na ya kahawia iliyokauka kama ugoro. Hiyo nyeusi ilistahimili mawe na mitikisiko. Udhaifu wake ulikuwa maji. Gari likizoea kuvuka mito, maji yalipenya yakaisukasuka grisi mpaka ikageuka rangi ya majivu, na Bi Kiganja alilazimika kufungua magurudumu kila magari yaliporudi. Basi wapima ardhi walipohamishiwa bondeni, kwenye mito isiyo na madaraja, Msimamizi wa gereji akakata shauri: nyeusi basi, inakuja ya bluu, inayokataa maji.

Habari hiyo ililetwa na mtunza stoo, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mwenye Funguo. Kufuli zote za gereji zilikuwa zake, ila mdomo wake ndio haukuwa na kufuli.

"Dada, mgeni kaja," alisema, akiibingirisha ndoo mpya kwa mguu. "Lakini aliyeileta kaniusia nikuusie. Anasema grisi ni oili iliyoshikwa na sabuni, kama sifongo inavyoshika maji. Sabuni ya hii na sabuni ya ile nyeusi hazipatani. Ukizichanganya, zote mbili zinaachia oili, unabaki na mchuzi."

"Hazipatani? Kwani ni wake wenza?"

"Wake wenza wana nafuu, hugawana siku. Hizi hazitaki kuonana kabisa. Kila gurudumu lifunguliwe, beringi ioshwe kwa mafuta ya taa, ikauke, ndipo ipakwe hii. Na ndoo ya kazi ioshwe, na bomba la kusukumia grisi, na makopo ya madereva."

Bi Kiganja alichovya kidole kwenye ile ya bluu, akaisugua kwa dole gumba, akainusa. Haikunuka kitu. "Mimi naanza kupaka grisi, wewe unanyonya," alisema. "Grisi ni grisi. Rangi ni nguo tu."

"Mjumbe hauawi. Mimi nimefikisha."

Gereji ile ilikuwa na desturi yake, na mwanzilishi wa desturi alikuwa Fundi Springi. Ndoo ya kazi haikuoshwa hata siku moja. Grisi ikikaribia kuisha, iliachwa chini kadiri ya kujaza kiganja, na mpya ikamiminwa juu yake, ikakorogwa. Mgeni, alikuwa akisema, hupokelewa na mwenyeji. Ni kama mtu anayegandisha maziwa: haoshi chombo chote, huacha kidogo ya jana yayafundishe ya leo. Na kwa miaka yote ile haikumdhuru mtu, kwa kuwa mwenyeji alikuwa mweusi na mgeni mweusi, sabuni moja, ukoo mmoja.

Hivyo Bi Kiganja alipofungua magurudumu ya kwanza, alipangusa uchafu wa nje, akaifikia ile grisi nyeusi iliyokaa ndani kabisa, kati ya vyuma, na mkono ukasita. Ilikuwa ya mwisho. Haingenunuliwa nyingine. Kopo la mafuta ya taa lilikuwa pembeni, na brashi juu yake. Alijua aliloambiwa. Lakini kuisugua ile nyeusi mpaka chuma kibaki kitupu kulikuwa kama kumzika mtu mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake. Akaiacha. Akapaka ya bluu juu yake. Kwenye ndoo ya kazi akaacha kile kiganja cha chini, akamimina mpya, akakoroga. Rangi ikawa ya zambarau iliyoiva, wala haikuwa mbaya kutazama. Kutoka ndoo hiyo akajaza makopo ya madereva ya kwenda nayo njiani, likiwemo la Kobe.

Moyoni alifurahi kidogo. Ndiyo kusema kweli. Alihisi kamficha mtu wake mahali ambapo Msimamizi hangempata.

Magari yakaondoka. Mawili yalikwenda kambini kwa wapimaji. Kobe na gari lake kuukuu alitangulia mbele zaidi, kupeleka vyombo vya kupimia ng'ambo ya mlima, safari ya peke yake. Gari dogo la Msimamizi lilibaki la kuzungukia vilima vya karibu.

Hilo dogo ndilo lililosema. Lilirudi asubuhi moja, jua limeshachangamka, likasimama kwenye kivuli cha bati, na Bi Kiganja akaona rimu ya gurudumu la mbele imelowa upande wa ndani, vijito vya mafuta vimerushwa pande zote kama mtu aliyekung'uta ufagio. Akasema, sili imekufa, ule mpira wa kuzuia grisi isitoke umekwisha. Akapiga jeki. Akafungua. Sili ilikuwa nzima, mpya, inang'aa.

Alipoingiza mkono, grisi haikukaa. Ilimpita katikati ya vidole, nyembamba, ya moto bado, ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Mkono uliomlisha miaka yote haukuwahi kushika grisi isiyokaa. Alibaki amechuchumaa, mkono mbele, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Hakumwita mtu. Alichukua kifuniko cha kopo, akaweka tonge la nyeusi alilolikwangua kwenye mfuniko wa ndoo ya zamani upande huu, tonge la bluu upande ule, akakiweka juani kwenye kipande cha bati. Yote mawili yalikaa. Akachukua kidogo cha kila moja, akayakanda kati ya viganja viwili, akasugua na kusugua kama gurudumu linavyosugua, akaweka lile tonge la tatu katikati. Akaenda kunawa. Aliporudi, matonge mawili yalikuwa mahali pake, na la katikati limelala, limejitandaza, linatafuta ukingo wa kifuniko.

"Mchuzi," alisema Mwenye Funguo, ambaye hakuna aliyemsikia akifika. Alitazama kifuniko, akautazama mkono wa Bi Kiganja, akaelewa. "Dada. Magari yote?"

"Yote."

"Na la Kobe?"

Ndilo alilokuwa akilifikiria Bi Kiganja. Baada ya ule mlima, barabara inateremka kwa kona, ukuta wa jiwe mkono mmoja, mkono wa pili hakuna kitu. Beringi ikikauka pale, inashika moto, inajikaza, gurudumu linafunga au linang'oka. Sheria ya gereji ilikuwa kwamba dereva hashuki mteremko ule kabla ya kusimama kileleni, kupoza injini, na kuita kwa simu ya upepo, ile redio ya kuongea na magari yaliyo porini, ajulishe kwamba anateremka. Kobe angeita adhuhuri. Jua lilikuwa karibu kabisa na utosi.

"Sikiliza," Mwenye Funguo alisema kwa sauti ya chini, na haikuwa kawaida yake. "Waambie ni sili. Sili mbovu zimeletwa. Lawama zitaniangukia mimi, stoo ni yangu, mimi ngozi yangu imezoea kusemwa. Wewe watu wanakuheshimu. Sema ni sili, Kobe asimame, yamekwisha."

Ulikuwa wema mkubwa, na Bi Kiganja, asiyezoea kufanyiwa wema, alikosa pa kuuweka. Aliugeuzageuza. Redio ile iliwekwa dirishani ofisini kwa Msimamizi, na saa ya kuita mafundi wote walisogea kusikiliza habari za njia. Magari ya kambini nayo yangesikia. Angelisema jambo lake mbele ya kila mtu aliyewahi kumpisha mlangoni. Akisema sili, angebaki na jina lake. Kobe angesimama, angefungua gurudumu, angeona mafuta, angesema kweli, sili. Angebadilisha sili. Halafu, kwa kuwa ni dereva mwangalifu, angechukua kopo lake la grisi, lile alilojaziwa kwa ndoo ya kazi, akajaza gurudumu upya kwa mchuzi uleule, akateremka.

"Ana kopo," alisema.

"Kopo gani?"

"Nimempa kopo la mchanganyiko. Sili haitamwokoa."

Mwenye Funguo akafunga mdomo. Mficha uchi hazai. Lakini kumwambia mtu hivyo saa ile ni ukatili, naye hakumwambia.

Walipofika ofisini redio ilikuwa inakwaruza. Msimamizi, mtu mnene mpole aliyekuwa na tabia ya kujipepea kwa kofia, alikuwa tayari ameinamia kipaza sauti. Dirishani zilikuwa zimejipanga nyuso.

"Gereji, gereji, Kobe hapa. Nipo kileleni. Injini imepoa. Gurudumu la mbele kulia lina joto kidogo, lakini si neno. Nateremka."

"Mwambie asiteremke," alisema Bi Kiganja.

"Kwa nini?"

"Nipe."

Hakuna aliyewahi kumwona akigusa redio ile. Aliishika kwa mkono uliokuwa bado na mafuta, akabonyeza kitufe. Akakohoa.

"Kobe. Ni mimi."

Redio ikakwaruza. "Shemeji?"

"Usiteremke. Zima gari. Weka mawe kwenye magurudumu."

"Kuna nini?"

Nyuso za dirishani zilikuwa zote zimemwelekea. Alizigeuzia mgongo, akatazama ukuta, penye kalenda isiyofunuliwa tangu mwezi uliopita. "Grisi yako inayeyuka. Niliambiwa nioshe nyeusi yote kabla ya kutia bluu. Sikuosha. Nilichanganya. Wala si sili, wala si stoo. Ni mimi. Na lile kopo nililokupa ni hivyohivyo, usiliguse. Limwage mbali na njia."

Redio ilikwaruza kwa muda mrefu. Mtu mmoja dirishani alianza kusema neno, mwenzake akamkanyaga mguu.

"Gereji," ilisema sauti ya Kobe, polepole kama alivyoendesha. "Nimefungua kifuniko cha gurudumu. Linatoa moshi. Mafuta yote yako kwenye matairi." Kisha: "Shemeji, ulikuwa unataka kuniua urithi gari?"

Bi Kiganja alibonyeza kitufe. "Gari lenyewe ni bovu," alisema. "Ningekuua kwa faida gani?"

Alimrudishia Msimamizi kipaza sauti, naye akayasimamisha magari ya kambini palepale yalipokuwa. Bi Kiganja alitoka nje kupitia katikati ya mafundi, na walimpisha kama siku zote. Alikwenda nyuma ya gereji, penye matairi machakavu, akakaa juu ya moja, na alipotaka kujifuta uso alikuta mkono ni mchafu, akaacha uso ulivyo.

Hawakumfukuza. Msimamizi alimwita, akajipepea sana, akasema, "Mama, ungenyamaza tungezika mtu. Lakini ungesikia ulipoambiwa, hata hiyo redio tusingeihitaji." Alisema hivyo tu, na kweli ilikuwa na pande mbili, na Bi Kiganja alizipokea zote mbili. Aliosha ndoo ya kazi mwenyewe, kwa mafuta ya taa, mbele ya watu, mpaka chini ikang'aa. Akaosha bomba. Akaosha makopo. Gari la Msimamizi alilifungua gurudumu baada ya gurudumu, akasugua ile nyeusi yote ikaenda na mafuta machafu kwenye shimo la taka. Hakulia. Alikuwa ameshangaa tu kuona chuma kilichokuwa chini yake ni cheupe kiasi kile, kipya, kama hakikuwahi kumjua mtu.

Lililomuuma si kusemwa. Hakuna aliyemsema. Wangemtania angalau, wangesema Mama Mchuzi huyo anapita, angewajibu, wangecheka. Walizidisha adabu. Fundi aliyezoea kumpelekea beringi aipime kwa kiganja sasa aliipima mwenyewe, akigeuka pembeni ili asimwone. Mchana alikula peke yake kwenye benchi lake, na jioni alirudi kwenye chumba na ukumbi, akakaa kwenye ukumbi, akasikiliza majirani wakivuta viti vyao.

Kobe alirudi kwa lori la mbao, beringi iliyoungua imefungwa kwenye shati pajani mwake kama mgonjwa. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi. Alikuwa amekonda, alikuwa amelinda gari kileleni mpaka msaada ukafika, na upepo wa juu ulikuwa umempasua midomo. Akaifungua beringi mezani. Ilikuwa imebadilika rangi, bluu ya chuma kilichopikwa.

"Nikasema nikuletee uone," alisema.

Bi Kiganja aliizungusha. Iligoma, ikalia. "Isingefika kona ya pili," alisema.

"Hata ya kwanza."

"Wewe na mwendo wako, ya kwanza ungefika kesho yake."

Kobe alitaka kucheka, midomo ikamuuma. Akavuta ndoo tupu akaikalia. Kwa muda walitazama beringi, ambayo haikuwa na lolote zaidi la kuonyesha.

"Neno nililosema makaburini," Kobe alisema.

"Ulisema."

"Nilisema. Nimekaa kule juu peke yangu, shemeji, hakuna hata mbwa, nikajikuta nazungumza na kaka. Nikamuuliza. Nikakumbuka nami nilimwambia apumzike. Akanijibu nini, unajua? Akanitupia spana."

"Mimi alinitupia sahani," alisema Bi Kiganja. "Ya bati. Haikuvunjika." Akaisukuma beringi pembeni. "Ungeniuliza kabla ya kusema."

"Ningekuuliza."

Hakuna aliyesema samahani. Neno lilikuwa limeshapita mezani bila kutajwa jina. Mwenye Funguo aliwaletea chai akaiweka, akataka kukaa, akawatazama, akasema ana mzigo wa kupokea, na hakukuwa na mzigo wowote.

Lakini dunia haimwachii mtu kinywaji chake kikapoa. Magari mawili yalikuwa bado kambini, juu ya mawe, magurudumu yakisubiri wa kuyafungua, na wapimaji wanakwenda kwa miguu. Huko bondeni sasa kungehitajika mtu wa grisi wa kukaa moja kwa moja, msimu mzima, na pengine msimu wa pili. Mgongo wa Bi Kiganja usingeiweza njia ile, hata akiendeshwa na kobe wa kweli. Msimamizi alikuwa amemwachia yeye achague wa kwenda. Huo ulikuwa uungwana wa Msimamizi, na Bi Kiganja alikuwa ameshawapima mafundi wote kichwani, mmoja mmoja. Walikuwepo hodari kuliko Kobe. Hakuwepo aliyewahi kuona moshi ukitoka kwenye gurudumu lake juu ya mteremko ule.

Angeweza kumtuma mwingine. Akamtazama shemeji yake akinywa chai kwa upande mmoja wa mdomo, mtu wa pekee aliyebaki wa kumtania, aliyerudi kwake mchana uleule. Angeweza kabisa.

"Lete mkono," alisema.

Kobe aliutoa. Ulikuwa na sugu za usukani, ngumu kama soli. Bi Kiganja akaweka bonge la bluu kwenye kiganja hicho, akampa beringi safi, akaufunika mkono wake juu ya mkono wa shemeji yake, akaanza kukandamiza na kuzungusha.

"Polepole. Hapo ndipo mwendo wako utafaa. Usitazame, sikiliza kwa ngozi. Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Rudia."

Alirudia. Nje mafundi walipita wakiwa na jeki, wakapunguza sauti zao. Alirudia tena, mpaka utepe wa bluu ukachomoza upande wa pili, mwembamba, ukajikunja.

"Mbona sasa nahisi kama mchanga?"

"Ni mchanga. Nimeuweka mimi. Osha, anza upya."

Alipomaliza, Bi Kiganja alifunga ndani ya gunia brashi, vitambaa na dumu la mafuta ya taa, akakaza kamba kwa meno. Gari la kumpeleka lilikuwa limeshawashwa uani. Akambebesha gunia begani, akalisawazisha lisimwelemee upande mmoja.

"Anza na lile lililovuka mto. Magurudumu yote manne, na viungo vya usukani, na mhimili wa kati. Ile nyeusi utaikuta imejibanza ndani kabisa, katikati ya vyuma. Usiionee huruma. Osha mpaka chuma kikutazame. Kisha pitisha kitambaa cheupe."

"Na kikitoka cheupe?"

"Usikiamini, shemeji. Pitisha kingine, ndipo upake."